Wawili Ndani ya Boti ya Mpira

Walipofika Makadara ndipo Mona alipotambua kwamba mguu mmoja amevaa ndara yake na mwingine ya mumewe. Hakurudi. Alisimamisha tuktuk, akampakia mamake, Bi Hiba, aliyempitia njiani, akamwambia dereva Kilindini, na asichelewe.

Simu ilikuwa imetoka ofisi ya wakala wa meli. Karani aitwaye Elvis alisema kumetokea ajali, jamaa wafike, na zaidi ya hapo hakutaka kusema.

Meli yenyewe ni ndogo, nyeupe, haibebi kontena wala gunia. Inabeba watalii wachache wenye uwezo wao, inawazungusha huko kusini kabisa kwenye visiwa vilivyozuka kwa volkano, visivyokaa mtu: mawe meusi, sili, na ndege ambao hawajapata sababu ya kumwogopa binadamu. Watu hulipa fedha za kununulia nyumba ili wakatazamwe na ndege. Idarus, mume wa Mona, aliajiriwa kuwapeleka wageni ufukweni kwa boti ya mpira na kuwashika mkono wasiteleze.

Njia nzima Bi Hiba hakunyamaza. Alisema Idarus hakufaa kusafiri na kifua kile, mtu anakohoa mpaka anashika ukuta, na kuondoka akaondoka bila hata kuja kumuaga mke wa ami yake. Alisema amechoka kumwomba Mona aje alale kwake asikae peke yake, na Mona kila siku ana sababu. Na laiti Khubaib, mwanawe wa pekee wa kiume, angekuwepo mjini, leo wangekuwa na mwanamume wa kufuatana naye. Lakini Khubaib kaenda Malindi kutafuta kazi na simu yake haipatikani. Idarus na Khubaib, alisema, watoto wa ndugu wawili, wamegawana pua moja na ukaidi mmoja. Kisha akamshika binti yake goti.

"Usilie, mwanangu. Idarus yuwajua kuogelea tangu mtoto. Bahari haimwezi."

Mona akalia zaidi. Kichwani ilikuwa ikimrudia ile asubuhi ya safari: alivyompangia nguo kwenye mkoba, alivyomfungia halua, alivyomsihi. Kampuni ilikwisha kusema kwamba nafasi ikikaa wazi safari moja tu, anapewa mwingine. Mwenyewe alikuwa akisitasita mlangoni. Mona ndiye aliyemwambia nenda, ni mara hii moja, utarudi salama. Na akaenda, kwa sababu hajapata kumkatalia jambo.

Ofisini walimkuta Nasiha, mke wa baharia Jefwa, ameketi ukingoni mwa kiti, tumbo la mimba limemjaa mapajani. Elvis alizungumza akiwa amesimama. Wimbi lilipindua boti karibu na miamba. Wageni wote wameokolewa. Mabaharia waliokuwamo ni wawili, wote wa Mombasa, Jefwa na Idarus. Mmoja yu hai, mmoja amekufa, na nahodha atapiga tena kwa simu ya setilaiti athibitishe ni yupi.

Wakangoja. Mona aliomba aliyekufa awe Jefwa. Aliliona lile tumbo la Nasiha, aliliona vizuri, na bado akaomba. Alimwahidi Mungu saumu, akamwahidi sadaka, akamwahidi kwamba atasema kila kitu, hatamficha mtu neno tena. Aliomba mpaka akaona haya, na hakuacha.

Simu ililia. Elvis alisikiliza akiwa amewapa mgongo. Alipogeuka alimtazama Nasiha kwanza, akamwambia mumewe ni mzima. Kisha macho yake yakakosa pa kwenda.

"Bi Mona, pole sana. Ni Idarus."

Mona aliteleza kutoka kitini mpaka sakafuni. Bi Hiba alimdaka, akamkumbatia, akasema inna lillahi huku machozi yakimtoka. Lakini sauti aliishikilia, maana mbele ya aliyefiwa lazima awepo mtu wa kusimama. Alimwambia watakwenda nyumbani pamoja, atakaa naye eda nzima, hatamwacha hata siku moja. Mona alitikisa kichwa. Alikuwa akitaka kusema na maneno hayaji.

Elvis alikuwa na jambo jingine. Meli haitarudi Mombasa karibuni, wala haina mahali pa kuhifadhi maiti. Nahodha anaomba ruhusa ya jamaa, azikwe pale pale kisiwani. Aliwaambia wazi kwamba kulizuru kaburi hakutawezekana. Huko meli hufika kwa nadra, na kushuka nchi kavu ni kwa bahati.

Mona alimkamata mamake mkono kwa nguvu zake zote.

"Mama, ngoja."

"Hakuna kungoja, mwanangu. Maiti hawekwi."

Bi Hiba akamuuliza Elvis kama huko kuna Muislamu wa kumwosha na kumsalia. Elvis akasema Jefwa yupo, na ameshajitolea.

"Basi wambie wamzike. Mimi ni kama mamake, naridhia. Wasichelewe."

Elvis akainua simu, akasema maneno machache, akaiweka chini. Bi Hiba alimfuta binti yake uso kwa ncha ya mtandio, polepole, kama alivyokuwa akimfuta utotoni. Ndipo sauti ya Mona ilipotoka.

"Idarus yuko nyumbani, Mama, kitandani. Aliyepanda meli kwa jina lake ni Khubaib."