Mchanga wa Penye Kanisa

Karaha alipandisha gunia la nne la chumvi juu ya bledi, akalikaza kwa mnyororo. Bledi ni bamba zito la chuma, refu kama kitanda, ambalo pale ghalani kwake hulifunga nyuma ya pikapu kusawazishia kokoto za uani. Bila mzigo juu yake hurukaruka tu, haikwangui kitu. Hilo hakufundishwa Amerika. Alijifunza jangwani, kwenye barabara ya Kakuma. Miaka sita ya ukimbizi aliburuta bledi nyuma ya trekta, akiutupa mchanga pembeni, na kesho yake upepo ukaurudisha palepale.

Safari hii haukuwa mchanga. Ilikuwa theluji ya Novemba 2014, na mji wao wa Lackawanna ulizama mpaka madirishani. Ajabu ya Mungu, kule mtaa wa Grant Street, maili chache tu kaskazini, watu walinunua muhogo viatu vyao vikiwa vikavu.

Uchungu ulimwanza mkewe Leya alfajiri, Karaha akiwa kazini. Mimba mbili zilikwisha kuharibika. Hii ya tatu ndiyo pekee iliyofikisha miezi tisa, na Karaha aliogopa hata kuitaja kwa sauti. Ambulansi ilikuwa imekwama njiani kama magari mengine, kwa hiyo Karaha aliamua kujikwangulia njia mwenyewe mpaka nyumbani. Nyumbani palikuwa na mama mkwe wake, Agata, mzee wa milima ya Kivu mwenye magoti mabovu na amri nyingi. Juzi tu aliwakemea walipokuwa wakibishania jina la mtoto. Jina halitolewi kabla uso haujaonekana.

Karaha alimpenda, ila Kiswahili chake kilimchekesha. Yeye mwenyewe alitoka Kenya na ngeli zake zimenyooka. Kwa Agata kila kitu kilikuwa "iko". Mbuzi iko, mvua iko, pasta iko.

Alifika katikati ya njia, vidole vimekufa ganzi, simu ilipolia. Chaji ilikuwa inakata roho.

"Karaha!" Agata alikuwa akipiga kelele juu ya upepo. "Angalia muchanga! Iko mu barabara, pale ku kanisa! Usi..."

Simu ikazima.

Mchanga! Karaha alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kumbe lori linalomwaga mchanga barabarani, magari yasiteleze, lilikuwa limepita, likashindwa, likamwaga mzigo wote pale kwenye kanisa lao. Na mzee wa watu anamwonya asiugonge. Afadhali mchanga. Mchanga aliujua kuliko alivyowajua ndugu zake.

Akaendelea. Upepo ulikuwa umeifagia barabara mahali pengine ikabaki theluji ya magotini, na mahali pengine umelundika vilima. Mara mbili pikapu iliteleza mtaroni, na mara mbili aliichimbua kwa mikono, akimwita Mungu kwa Kinyamulenge, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo alichonacho, maana hakujua siku hiyo Mungu alikuwa akisikiliza lugha gani. Machozi yalimgandia mashavuni. Alikuwa akimwona Leya kitandani, akimwita, naye hayupo kuitika.

Penye kanisa rundo lilikuwepo kweli. Lilifika kifuani, jeupe juu, limekaa katikati ya njia. Karaha hakupoteza muda nalo. Rundo la mchanga huligongi. Unalizunguka polepole, umeigeuza bledi upande, na unachokikwangua unakitupa juu yake lisirudi kukuzibia njia. Ndivyo alivyofanya. Alipita mara ya kwanza, akarudi nyuma, akapita tena. Theluji ikapanda juu ya rundo, nzito, imeshindiliwa vizuri. Kazi safi. Hata yule msimamizi wa Kakuma, mchoyo wa sifa, angemsifu.

Hapo akasikia honi. Ilikuwa ndogo, imezibwa, kama inatoka chini ya godoro. Akakanyaga breki, akasikiliza. Ikalia tena, kisha kimya. Kuna mtu amekwama mtaa wa pili, alijiambia. Moyo ulimsuta. Lakini yule alikuwa na gari na honi, Leya hana kitu. "Bwana, umusaidie," alisema, akakanyaga mafuta.

Kutoka pale hadi nyumbani kulimchukua karibu saa nzima. Alipoingia uani hakuzima hata injini.

Mlango ulifunguka kabla hajaugusa. Agata alitoka na vigelegele, kitenge kimelowa, mikono juu, anacheza kwa magoti yake yaleyale mabovu. Karaha akashika nguzo ya baraza kwa furaha.

"Amezaa?"

"Bon, si amezaa! Mwanaume, na sauti kama ya ngombe! Asifiwe Yesu!"

Karaha akampita mbio mpaka chumbani. Kitanda kilikuwa kitupu. Kulikuwa na beseni, mkasi, na shuka zimekunjwa. Aliporudi barazani, vigelegele vilikuwa vimekatika. Agata alikuwa amesimama kando ya pikapu, anachungulia dirishani, kwanza kiti cha mbele, halafu cha nyuma.

"Donc, umebaacha ku hospitali?"

"Nani, mama?"

"Leya alikuwa anatoka damu. Ezéchias, jirani, akabatia, yeye na mutoto, mu motokari yake, bakuye kukutana na weye. Bakakwama pale ku kanisa, neige, teluji ile, ikabafunika. Akanipigia, na miye nikakupigia. Nikakuambia, angalia muchanga, iko mu barabara."

Karaha alikuwa akiitazama bledi.

"Sasa ningesema nani?" Agata alisema, akiyafuata macho yake. "Hamuyamupa jina."