Tone la Umande

Jua lilishakausha vilima vyote vya mawe vya kaskazini, lakini mpiga picha aling'ang'ania kupata picha ya ua la mwituni lenye umande. Mkewe akamtolea chupa ya maji.

Hakuipokea. Alilamba kidole gumba mpaka kikalowa chepechepe, akakipitisha taratibu juu ya petali. Tone likaning'inia, zito, lenye povu.

“Mate yanashika kuliko maji,” alisema, jicho kwenye kamera. “Siri ya kazi hii, mama watoto.”

Mkewe akakitazama kidole kile. Siku alipomzika mama yake, kidole hicho hicho kilimpita shavuni, taratibu vivyo hivyo, naye akadhani anafutwa machozi. Picha ya chozi la siku ile ndiyo iliyompa mumewe tuzo.

Mke akafungua chupa, akaanza kuosha shavu lake.