Alama za Meno

Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, alikuwa amekwisha kuzima swichi kuu.

"Mara ya tatu nyaya zinaungua! Pasi yako itanichomea nyumba, Sikudhani. Fundi akithibitisha, kesho uhame."

Chumba kile ndicho kilichomlisha Sikudhani: humo alipiga pasi nguo za mtaa mzima, na hakuwa na pengine pa kwenda. Alisimama chini ya dari akisikiliza magoti ya fundi yakikwaruza mbao.

Fundi Kibwana alishuka na utando wa buibui kichwani, akampa bibi kipande cha waya. Bi Mwanaidi alikipeleka dirishani penye mwanga. Ganda la plastiki lilikuwa limemenywa kama muwa, shaba iko wazi, na kandokando zimejipanga alama ndogo za meno, mbili mbili.

"Labda mpangaji wako anatafuna nyaya, mama," fundi akasema.

Sikudhani alicheka mpaka akakaa sakafuni, machozi yakimtoka.

Bibi alizisugua zile alama kwa kidole gumba. "Nimekuonea, mwanangu." Kisha akamgeukia fundi: "Nyaya zote zipitishe ndani ya mabomba. Na matundu ya panya uyazibe kwa saruji."

Alasiri umeme ulirudi na pasi ikapata moto. Bi Mwanaidi hakuondoka. Alibaki kusaidia kukunja. Juu ya dari kitu kidogo kikakimbia, kikasimama, kikaanza kuguguna bomba gumu. Wanawake wawili wakainua nyuso, kila mmoja ameshika upande wake wa shuka moja.