Jora la Merikani

Haidar alichomoa uzi mmoja kwenye kitambaa, akauwasha kwa kiberiti, akanusa moshi wake na kukunja uso.

"Ya Kichina hii. Rudisha."

Vuai akakikunja kitambaa. Cha juzi kilikataliwa hivyohivyo, na cha wiki iliyopita pia.

Makubwa haya! Mtu anaishi Guangzhou, ofisi yake ya kusafirisha mizigo iko barabara ya Guangyuan Xilu juu ya maduka ya nguo za jumla, kofia yake ya Kiomani imefumwa hukohuko Uchina, tasbihi anayoapa kuwa ni ya Makka aliinunua ghorofa ya chini, halafu anamkatalia mtu nguo kwa kuwa ni ya Kichina. Lakini ndiye Haidar huyo. Akiota amelala, huota anapigiwa saluti.

Vuai alikuwa amemposa Kauthar, binti wa Haidar. Haidar angemfukuza siku ileile. "Watumwa wa mashamba ya karafuu hao," alisema, na Vuai mwenyewe yuko hapo anakunywa chai. Lakini Kauthar aliapa kwamba kama si Vuai haolewi, na baba mtu akaogopa maneno ya watu. Basi akatafuta njia ya kukataa bila kuonekana amekataa. Akataja mahari: jora moja la merikani. Ya Marekani, si ya pengine. Ijumaa isipite. Ikipita, Kauthar ataozwa Dullah, mwenye maduka Kariakoo, ambaye meno ya mbele alishayaaga na wake wawili anao.

"Bibi Zafarani, mama wa ukoo wetu, alitolewa jora zima la merikani," Haidar alimhubiria kila mteja aliyeingia ofisini, awe amekuja kwa kontena au kuomba maji ya kunywa. "Jora zima! Wanawake wa watu wengine walitolewa mbuzi."

Neno hilo alilisikia kwa marehemu mama yake. Mama alikuwa akilisema kwa sauti ya chini, uso kaugeuzia ukutani. Haidar aliona ni haya ya kiungwana. Huyo Bibi Zafarani alikuwa binti wa nani, hakuna aliyejua, na Haidar hakuwahi kuuliza.

Historia yenyewe alikuwa nayo kichwani, ameisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni.

"Wamarekani wa enzi hizo walikuwa watu, bwana! Walipigana na Mwingereza wakasimama. Wakasogea magharibi, wakawafukuza wenyeji kwenye ardhi yao, wakapanda pamba kila walipokanyaga. Wakaifuma, wakaileta nguo Unguja kwa meli, wakarudi na pembe za ndovu. Ndiyo merikani hiyo. Baadaye watu wao wa dini wakaanza kelele: ulevi ukome, utumwa ukome." Hapo alikuwa akicheka na kumtupia Vuai jicho. "Kelele hizo sisi hazikutuhusu. Ziliwahusu kina fulani."

Kauthar aliyasikia yote hayo akifunga mizigo ya wateja, na utepe wa gundi aliuvuta kwa hasira mpaka ukakatika.

Vuai akashinda kwenye soko la vitambaa karibu na mtaa wa Kangle. Kila duka alikoingia jibu lilikuwa moja, mei you, hakuna, na mkono unapungwa kama anafukuzwa nzi. Alhamisi jioni, miguu imemvimba, mama mmoja muuza vitambaa akamwonea huruma. Akavuta jora lililokuwa limelaliwa na mengine, nguo ngumu ya pamba, haijatiwa rangi, akalipiga kofi vumbi likaruka.

"Pamba yake Meiguo," akasema.

Meiguo ni Marekani. Pamba imelimwa kule, imefumwa hapa. Vuai alitaka kumkumbatia, akajizuia.

Ijumaa baada ya swala wageni wakajaa ofisini kushuhudia mahari. Haidar akachomoa uzi kwenye jora la Vuai, akauchoma, akanusa. Akanusa tena.

"Imefumwa Uchina," akasema.

"Pamba ni ya Marekani, Ami," Vuai akajibu. "Na Ami hukusema ifumwe wapi."

"Haidar, mpe kijana haki yake," akasema Abdulrazak, rafiki yake wa kargo. "Au ulikuwa hutaki tangu mwanzo?"

Wageni wakaguna. Kauthar, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtandio wake wa kijani, hakupepesa jicho. Haidar akaona amebanwa. Na mtu wa namna yake akishindwa, hushangilia kana kwamba ameshinda. Akalikumbatia lile jora, akaliinua juu wote walione.

"Nimekubali! Binti yangu naye anatolewa kama alivyotolewa Bibi Zafarani! Ngojeni mumsikie mkubwa wetu mwenyewe, msije mkasema nawadanganya."

Akampigia shangazi yake, Bi Mwanahija, aliyeko Unguja, mzee wa mwisho aliyebaki katika ukoo. Akafungua spika, simu akaiweka juu ya jora.

"Shangazi, nina wageni hapa. Waeleze, Bibi Zafarani alitolewa nini?"

"Khaa! Haidar, maneno hayo ndiyo ya kusemwa mbele za watu?"

"Yaseme, Shangazi, usione haya! Leo Kauthar naye anatolewa hilohilo, jora zima la merikani. Mahari yake!"

Haidar akaongeza sauti, akawakonyeza wageni.

"Mahari?" Bi Mwanahija alisema. "We mwana we, nani alikwambia ilikuwa mahari? Bibi Zafarani alinunuliwa sokoni, na hilo jora ndilo lililotolewa. Na wewe leo mwanao unamuuza bei ileile?"