Gobore la Lugoye

Sheria mpya ilikataza kumiliki bunduki bila cheti cha usalama, na Lugoye alifeli mtihani wa cheti.

“Gobore unaliweka wapi?” askari alimuuliza kituoni siku ya mtihani, gobore likiwa mezani.

“Juu ya meko, afande. Moshi unazuia kutu.”

“Linatakiwa sanduku la chuma lenye kufuli.”

“Na fisi atanisubiri nitafute ufunguo?”

Askari alicheka, akalifungia gobore kabatini. Lugoye alirudi nyumbani mikono mitupu, na zizi lake lilikuwa la miiba tu.

Siku ya tatu, jua likichwea, fisi waliingia zizini. Lugoye alitoka na fimbo. Walipoondoka, mkewe alihesabu hasara: mbuzi sita, ndama mmoja, mbwa, na vidole vitatu vya mkono wa kulia wa mumewe.