Matairi Manne ya Tela

Tairi la kushoto lilipasuka kilomita sabini kutoka nyumbani, na safari ikaishia hapo. Ilikuwa ya tatu kuishia njiani. Safari ya kwanza gurudumu lilichomoka likawapita barabarani, na mwenye tela akauliza ni la nani.

Mwenye tela alikuwa fundi wa milango ya chuma. Mtaa mzima ulimwita Waya, maana hakuwahi kutengeneza kitu bila kukifunga waya mahali. Tela lenyewe lilikuwa nyumba ndogo ya bati ya kuvutwa nyuma ya gari: vitanda viwili, jiko la gesi na kabati ambalo mlango wake, bila shaka, ulishikwa na waya. Mkewe alilitaka kwa jambo moja tu. Dada yake aliishi kilomita elfu moja na mia moja kutoka pale, na hawakuwa wameonana miaka sita.

Safari hii mkewe hakumgombeza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya barabara, akamenya chungwa.

"Baba Watoto, hivi matairi unayajua?"

"Mimi?" alisema Waya, kama aliyeulizwa kama analijua jina lake.

Kesho yake muuza matairi, mama mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliinama mara moja tu.

"Mzee, haya ni ya gari dogo. Tena mtumba. Hili lina miaka kumi na moja, lingekuwa shule sasa hivi. Umelivalisha tela ndala, halafu unalipandisha mlima!"

Wateja wakacheka. Waya akacheka kuwashinda wote, ili mzaha uonekane ni wake.

Siku hiyohiyo aliapa kwamba mkewe atamwamini tena. Akanunua manne mapya, ya tela hasa, yenye kuta ngumu na uwezo wa kubeba zaidi ya uzito wote wa tela na vilivyomo. Akaweka na vali za kujazia upepo za chuma badala ya zile za mpira. Akafunga karakana siku tisa. Alisugua kutu kwenye rimu, akakaza nati kwa spana yenye kipimo, akalivuta tela tupu kilomita hamsini, akazikaza tena. Hakutumia waya hata mahali pamoja, ingawa mikono ilimwasha.

Mkewe hakuwahi kuipenda kazi yake namna ile. Alisimama karibu, akauliza kila kitu.

"Upepo unapimwa lini?"

"Asubuhi, kabla ya kuondoka, matairi yakiwa bado ya baridi."

"Na moja likitoboka?"

Waya akamfundisha kupiga jeki na kubadilisha gurudumu. Jumapili akampeleka uwanjani, akamfundisha kurudi nyuma na tela bila kulivunja shingo.

"Lakini yote haya ya nini, na mimi nipo?" aliuliza.

"Ukiugua njiani je?"

Waya akaona kweli ameoa mtu mwenye akili.

Alipomweleza kwamba tela likizidiwa uzito hata tairi jipya hupasuka, mkewe akaanza kupunguza mzigo papo hapo. Kikatoka kisanduku cha spana. Ikatoka redio kubwa, kiti cha kukunja, mabuti, pipa la misumari.

"Mbona vyangu tu?"

"Vyangu ni vyepesi."

Hilo nalo halikuwa na ubishi.

Asubuhi ya safari Waya alipima upepo mara mbili, akapapasa kila nati kama daktari. Alipoinuka, mkewe alikuwa ameshika usukani.

"Niache nilitoe mwenyewe. We simama unielekeze."

Akasimama katikati ya barabara, kifua mbele, mikono juu. "Njoo! Njoo! Kata kulia! Taratibu... hapohapo! Nyoosha!" Tela likapita getini bila kugusa nguzo. Jirani akapiga makofi, na Waya akainama kidogo kupokea sifa. Akafunga geti, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda upande wa abiria.

Mlango haukufunguka. Kioo kikashuka vidole vinne.

"Baba Watoto, matairi nimeyakubali," mkewe alisema. "Wewe ndiye uliyenichosha. Wali umo kwenye sufuria."

Kioo kikapanda.

Waya alisimama akisikiliza mpaka tela lilipokata kona. Hakuna tairi lililolia, hakuna nati iliyogonga. Kazi safi.

Matairi manne, vali nne, siku tisa bila mteja, na ndoa ya miaka thelathini na moja.