Mgonjwa wa Zoezi

Mwanamume aliyeingia mapokezi saa nne asubuhi alikuwa akijishikilia ukutani.

"Viungo vyote vinauma," alisema. "Macho yanawaka moto."

Muuguzi mkuu alitazama karatasi yake. Ndivyo ilivyoandikwa: mgonjwa wa kuigiza, saa nne, homa, viungo, macho mekundu. Mlipuko uliopita wa homa hii uliletwa na mbu wa mchana, ukawakuta wahudumu wa kituo hawana hili wala lile, ukamchukua mdogo wake wa kuzaliwa naye. Tangu siku ile aliandika barua nne kuomba zoezi hili la kujiandaa. Leo mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa pale, kalamu mkononi.

"Pole kaka. Kuna mwingine anayeumwa huko utokako?"

"Wenzangu watatu kambini. Mmoja haamki."

Karatasi ilisema wawili. Muuguzi akaandika wawili.

"Huyu wamemtoa kwenye runinga!" mpokezi alinong'ona. "Hata jasho analo!"

Wakacheka. Mgonjwa hakucheka.

"Nimpime joto?" muuguzi aliuliza.

"Andika thelathini na tisa na nusu," alisema mkaguzi. "Damu nayo, msimtoboe mtu bure. Andikeni imechukuliwa."

Wakamlaza chini ya chandarua kwa dakika moja, wakapiga picha, wakamrudisha kwenye benchi la dirishani, katikati ya wajawazito waliosubiri kliniki. Nje, mtaro ulikuwa umejaa maji. Mbu mwenye miguu ya madoadoa alitua shingoni mwake, akanywa, akahamia kwa mama wa pembeni. Mgonjwa hakuinua hata kidole.

Muuguzi aliingiwa na wasiwasi. Akanyoosha mkono amguse paji la uso.

"Dada, njoo utie saini," mkaguzi alimwita. "Tisini kwa mia! Hongereni."

Alitia saini huku machozi yakimlengalenga. Safari hii, aliwaza, hatutakutwa tumelala.

"Na dawa?" mgonjwa aliuliza.

"Dawa yako ni chakula cha mchana, kaka," mpokezi alimjibu. "Umeigiza vizuri. Nenda zako."

Mwanamume akamkodolea macho asielewe, kisha akatoka akipepesuka, akapotelea kwenye umati wa sokoni.

Hazikupita dakika kumi, kijana mmoja akaingia mbio, suruali imejaa vumbi.

"Jamani, nisameheni, gari lilituharibikia njiani. Mimi ndiye mgonjwa wa kuigiza. Nilale wapi?"